Si Kila Badiliko la Jeni ni la Ukoo: Maelezo Kuhusu Saratani ya Matiti kwa Walimu na Wanafunzi wa Kiswahili

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu wa mwaka wa tatu, wa kozi ya tafsiri, aya moja ya Kiingereza kuhusu mabadiliko ya jeni katika saratani ya matiti. Aya yenyewe ilikuwa na sentensi saba tu. Tuliichagua kwa ajili ya istilahi zake, na tulitarajia kwamba mjadala mkubwa darasani ungehusu maneno kama kromosomu na protini. Haikuwa hivyo. Tuliposahihisha kazi zile tulikuta zaidi ya nusu ya wanafunzi wameandika kwamba saratani ya matiti husababishwa na "mabadiliko ya vinasaba yanayorithiwa katika ukoo", ilhali matini asilia haikutaja kurithi wala ukoo. Kosa la pili nalo lilirudiwa na wengi: saratani ambayo mwandishi alisema imepenya katika nyama ya jirani, wanafunzi waliiita "saratani iliyoenea mwilini".

Baada ya kipindi mwanafunzi mmoja alibaki nyuma. Alitueleza kwamba mama yake aliugua saratani ya titi, na kwamba karatasi ya maelezo aliyorudi nayo nyumbani ilitaja jeni. Neno hilo lilipofika kwa jamaa likawa neno la damu. Upande wa baba ukaanza kusema kuwa ugonjwa umeletwa na mama, na posa ya dada yake mkubwa ikasimama. "Kumbe si lazima iwe ya ukoo, mwalimu?" alituuliza. Tulimjibu kwa kile tulichokijua, nacho kilikuwa kidogo. Ndipo tulipoona haja ya kusoma. Makala haya yametokana na kusoma huko. Sisi ni walimu wa lugha, si matabibu, na mgonjwa hana budi kumsikiliza daktari wake. Lakini maneno ambayo daktari huyo atayatumia kwa Kiswahili yatatoka kwa wafasiri na wakalimani tunaowafundisha sisi, na hapo hatuna pa kukwepea.

Kaa, ukoo na vinasaba

Tuanze na mambo ya kwetu. Kiswahili kina maneno mawili ya ugonjwa huu, saratani na kansa. La kwanza limetoka katika Kiarabu na la pili katika Kiingereza, ambacho kililipokea kutoka Kilatini. Watu hupenda kubishana lipi ni bora, na wachache hutambua kuwa yote mawili maana yake ya asili ni moja: kaa, yule mnyama wa pwani mwenye miguu mingi. Wagiriki wa kale nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa. Hapa kwetu Uganda wasemaji wa Kiganda husema kookolo, na jirani zetu wa Rwanda husema kanseri. Yeyote kati ya hawa akiambiwa "saratani" na "kansa" katika ukurasa mmoja anaweza kudhani kuwa ni magonjwa mawili. Tumeliona hilo. Ushauri wetu ni kuchagua neno moja na kudumu nalo mpaka mwisho wa karatasi.

Kuhusu titi na ziwa hatutasema mengi. Ziwa ni neno zuri na lenye adabu, lakini mwanafunzi anayeishi kilomita chache kutoka Ziwa Viktoria hulielewa kwanza kwa maana nyingine.

Tatizo kubwa liko katika neno vinasaba. Magazeti ya Tanzania hulitumia sana, hasa katika habari za vipimo vya kumtambua baba wa mtoto au za kutambua miili baada ya ajali. Neno hilo limejengwa juu ya nasaba, yaani ukoo, uzao, ufuatano wa damu. Kwa habari za baba na mtoto linafaa kabisa. Lakini likihamishiwa katika saratani, linakwenda pamoja na nasaba yake. Msomaji hata asipoambiwa kuwa ugonjwa unarithiwa, neno lenyewe limekwisha kumwambia. Wanafunzi wetu hawakuongeza ukoo katika aya ile kwa uzembe; waliusikia ndani ya istilahi. Jeni nalo kwa asili ya Kigiriki linahusu kuzaliwa, ila kwa sikio la Mswahili halina ukoo wowote, na katika makala haya tutatumia hilo.

Maandishi yanayonakiliwa

Kila seli ya mwili hubeba maandishi marefu ya kemikali yaitwayo DNA. Alfabeti yake ina herufi nne tu, A, T, G na C, na maandishi yote yana herufi zipatazo bilioni 3 zilizogawanywa katika kromosomu. Binadamu ana jozi 23 za kromosomu, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Jeni ni kifungu cha maandishi hayo chenye maagizo ya kutengeneza kitu fulani, mara nyingi protini. Jeni za namna hiyo ni takriban 20,000.

Seli inapogawanyika kuwa mbili, maandishi yote sharti yanakiliwe. Wale waliowahi kushughulika na miswada ya zamani ya tendi katika hati za Kiarabu wanajua kinachotokea kitu kinaponakiliwa kwa mkono mara nyingi. Herufi moja hukosewa, mstari huachwa, ubeti huandikwa mara mbili, kipande cha ukurasa mmoja hujikuta katika ukurasa mwingine. Seli ina wasahihishaji wake ambao hukamata makosa mengi mno, lakini hawakamati yote.

Makosa ya aina zote nne hupatikana katika saratani ya matiti. La herufi moja ndilo rahisi kulieleza darasani: badili herufi moja katika "lima" na utapata "pima". Katika jeni iitwayo PIK3CA, ambayo hushiriki katika kuiamrisha seli ikue, kosa la herufi moja katika sehemu fulani hufanya amri hiyo isikome. Kiasi cha theluthi ya saratani za matiti zina kosa katika jeni hii. Upungufu wa maandishi hutokea pale kipande kizima cha kromosomu kinapopotea. Kuzidisha ni sawa na uradidi tunaoufundisha katika mofolojia, isipokuwa hapa uradidi hauna kipimo: jeni ya HER2, ambayo seli ya kawaida huwa na nakala zake mbili, huweza kurudiwa mara nyingi, na seli hupokea amri ya "kua, kua, kua" bila kupumzika.

Kuhusu kuhama kwa kipande, mfano maarufu zaidi unahusu Kampala. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Mulago, alichapisha maelezo ya uvimbe wa mataya ya watoto ambao baadaye ulipewa jina lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti walitambua kwamba katika seli za uvimbe huo, mara nyingi, jeni iitwayo MYC imehama kutoka kromosomu ya 8 na kwenda kukaa katika kromosomu ya 14, jirani na maagizo ambayo katika seli hizo za damu huwa wazi muda wote. Jeni ya watu wa utulivu imepangishwa karibu na disko, kama alivyosema mwanafunzi mmoja. Katika saratani ya matiti MYC kwa kawaida haihami. Huzidishwa palepale ilipo. Matokeo hayatofautiani sana: seli hujigawanya kupita kiasi.

Makosa ya kuzaliwa nayo na makosa ya maishani

Sasa tumefika kwenye swali la mwanafunzi wetu. Kosa la kunakili laweza kutokea wakati wowote. Likiwamo katika yai la mama au mbegu ya baba, mtoto huzaliwa nalo katika kila seli ya mwili wake, na anaweza kumrithisha mwanawe. Likitokea katika seli moja ya titi la mwanamke mwenye umri wa miaka 45, basi liko katika seli hiyo na zile zitakazotokana nayo tu. Haliko katika damu yake, wala katika mayai yake, wala kwa binti yake. Mgonjwa akipona au akifariki, kosa hilo linaishia kwake.

Saratani zote za matiti zina mabadiliko ya jeni. Hiyo ndiyo maana ya saratani. Lakini kati ya wagonjwa 100, ni 5 hadi 10 tu ambao ugonjwa wao umetokana na kosa walilozaliwa nalo. Waliobaki, makosa yao ni ya maishani: umri, homoni, ajali za kunakili na mambo mengine ambayo hakuna shangazi wa kulaumiwa kwayo. Kwa hiyo sentensi "saratani ni ugonjwa wa jeni" na sentensi "saratani ni ugonjwa wa kurithi" si sentensi moja, na mfasiri anayezichanganya amewatia hatiani watu wapatao 90 kati ya 100 kwa kosa lisilo lao.

Hao wachache wa kurithi nao wapo, na hatupaswi kuwaficha ili kuwafariji wengine. Mwaka 1990 Mary-Claire King na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba katika familia zenye wagonjwa wengi wa umri mdogo, ugonjwa ulifuatana na sehemu fulani ya kromosomu ya 17. Jeni yenyewe, BRCA1, ilipatikana mwaka 1994, na ya pili, BRCA2, iliyo katika kromosomu ya 13, mwaka 1995. Kazi ya jeni hizi ni ya usahihishaji: hushiriki katika kuunga uzi wa DNA unapokatika. Mtu huzaliwa na nakala mbili za kila moja. Aliyerithi nakala moja mbovu bado ana moja nzima, na seli zake hufanya kazi. Hatari huja pale nakala nzima inapoharibika katika seli mojawapo ya titi, kwani seli hiyo sasa haina msahihishaji na makosa huanza kulimbikizana. Alfred Knudson alilieleza wazo hili la mapigo mawili mwaka 1971, akizungumzia saratani ya jicho la watoto.

Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2017 ulikadiria kwamba kati ya wanawake 100 wenye kosa lenye madhara katika BRCA1 au BRCA2, takriban 70 wangepata saratani ya matiti kabla ya kutimiza miaka 80. Ni idadi kubwa, lakini hata hapo haisemwi kuwa ni lazima. Jambo jingine ambalo mazungumzo ya jamaa husahau: kosa hili hurithiwa kutoka kwa baba sawasawa na kutoka kwa mama, na kila mtoto, wa kike au wa kiume, ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kulipata. Wanaume wenyewe huugua saratani ya matiti, kiasi cha mgonjwa mmoja kati ya 100, na BRCA2 huchangia. Ukoo unaotafuta wa kumlaumu basi na uhesabu pande zote mbili.

Ndani ya mrija na nje ya mrija

Istilahi ya pili iliyowashinda wanafunzi wetu ni ile inayotenganisha saratani isiyopenya na iliyopenya. Hapa picha ya titi lenyewe inahitajika. Ndani ya titi mna vifuko vidogo vinavyotengeneza maziwa, na mirija inayoyapeleka kwenye chuchu. Ukuta wa mrija una tabaka la ndani la seli, ambako saratani nyingi huanzia. Tabaka la nje la seli zinazoweza kujikaza na kusukuma maziwa. Na nje ya hizo, utando mwembamba unaozunguka mrija wote kama ganda. Mishipa ya damu na ya limfu ipo nje ya utando huo.

Seli zenye sura ya saratani zikijaza mrija lakini zimebaki ndani ya utando, madaktari hutumia maneno ya Kilatini in situ, yaani mahali pake. Hii huitwa pia hatua ya 0. Haina njia ya kwenda kwenye mapafu au mifupa, kwa kuwa haijafika mahali penye njia. Mara nyingi mwanamke haihisi kwa mkono. Huonekana katika picha ya eksirei ya matiti kama punje ndogo nyeupe za chokaa. Seli zikitoboa utando na kuingia katika nyama ya jirani, saratani huitwa vamizi. Na hapa ndipo wanafunzi walipoteleza. Vamizi maana yake imevuka utando. Huenda imevuka kwa milimita mbili. Huenda haijafika hata kwenye tezi za kwapani. Kuenea mwilini ni hatua nyingine, ya mbali zaidi, na mgonjwa anayesomewa "imeenea mwilini" badala ya "imepenya nje ya mrija" anaweza kurudi nyumbani kungoja kifo ilhali angeweza kutibiwa na kupona.

Vilevile tuwe waangalifu na "saratani ya mapema". Katika vitabu vya Kiingereza neno hilo kwa kawaida hutumiwa kwa saratani vamizi ambayo bado haijaenea mbali, na pengine hutumiwa kwa ile iliyomo ndani ya mrija. Hayo ni mambo mawili, na matibabu yake si sawa. Mfasiri aulize, asibahatishe.

Jambo ambalo hatukulitarajia

Tulipoanza kusoma tulidhani kwamba habari ya jeni ingekwenda kama ngazi: kosa la kwanza huikuza seli, la pili huijaza mrija, la tatu huivusha utando. Tulitaka hata kuichora ngazi hiyo ubaoni. Utafiti hauikubali.

Seli zilizomo ndani ya mrija zikilinganishwa na zile zilizokwisha kupenya, mabadiliko yake ya jeni yanafanana mno. Makosa ya PIK3CA yamo tayari ndani ya mrija, na huweza kuonekana hata katika mikusanyiko ya seli ambayo bado haistahili kuitwa saratani. TP53, jeni ambayo huzuia seli yenye maandishi yaliyovurugika isiendelee kujigawanya, nayo huwa imekwisha kuharibika humo katika saratani nyingi za daraja la juu. Kuhusu HER2 hali ni ya kushangaza zaidi. Uradidi wake hupatikana katika saratani vamizi 15 hadi 20 kati ya 100, ilhali katika saratani zilizomo ndani ya mrija hupatikana kwa wingi zaidi. Kama HER2 ingekuwa ndiyo ufunguo wa mlango, tungetarajia kinyume chake.

Kinachoonekana ni njia mbili kuu, kila moja ikiwa na alama zake tangu mwanzo. Saratani za daraja la chini, zinazokwenda polepole, mara nyingi zimepoteza kipande cha kromosomu ya 16 na kuongeza kipande cha kromosomu ya 1, na alama hizo zipo ndani ya mrija na nje yake. Saratani za daraja la juu zina vurugu kubwa ya kromosomu, pamoja na makosa ya TP53 au uradidi wa HER2. Kwa kawaida ya chini huzaa ya chini, na ya juu huzaa ya juu. Kuna pia aina inayoanzia kwenye vifuko vya maziwa, ambamo jeni ya CDH1, inayotengeneza protini iliyo kama gundi kati ya seli na seli, imezimika. Seli zake hutembea katika nyama kwa mstari mmoja mmoja kama sisimizi. Lakini gundi hiyo imekosekana hata katika seli ambazo bado zimo mahali pake, hivyo kukosa gundi peke yake si ruhusa ya kutoka.

Mwaka 2018 kikundi cha Nicholas Navin huko Texas kilitoa matokeo ya kusoma DNA ya seli moja moja, zaidi ya seli 1,000 kutoka kwa wagonjwa 10, huku wakihifadhi habari ya mahali kila seli ilipokuwa. Waliona kwamba mabadiliko makubwa yalikuwa yamekwisha kutukia ndani ya mrija, na kwamba koo mbalimbali za seli zilivuka utando, si seli moja shujaa iliyopata kosa la mwisho. Basi sehemu kubwa ya maelezo imo katika ukuta wenyewe: tabaka la nje linalodhoofika, utando unaotobolewa, seli za kinga zilizo karibu. Ukitaka kujua kwa nini wezi wametoka, uangalie na ukuta.

Utafiti mwingine, wa mwaka 2022, utawafurahisha wenzetu wa fasihi. Mwanamke hutibiwa saratani ya ndani ya mrija, kisha baada ya miaka anapata saratani vamizi katika titi lilelile. Je, ni ileile iliyorudi? Swali hili hujibiwa kwa mbinu ambayo wahariri wa miswada wameitumia kwa karne nyingi: nakala mbili zenye makosa yaleyale zimetoka katika nakala moja. Watafiti walilinganisha makosa ya uvimbe wa kwanza na ya uvimbe wa pili. Kwa wagonjwa wengi makosa yalishirikiana. Lakini katika takriban 18 kati ya 100 hapakuwa na undugu wowote. Saratani ya pili ilikuwa mpya, iliyoanza kivyake. Wanawake hao hawakutibiwa vibaya mara ya kwanza. Walipata ugonjwa mara mbili.

Faida yake kwa mgonjwa

Msomaji atauliza, haya yote yanamsaidia nani? Yanasaidia katika dawa kwanza. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake walionyesha kuwa wagonjwa wenye uradidi wa HER2 walikuwa na hali mbaya kuliko wengine. Mwaka 1998 dawa ya trastuzumab, inayoishika protini ya HER2, ilikubaliwa Marekani, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu. Dawa hiyo haina kazi kwa mgonjwa ambaye HER2 yake ni ya kawaida. Vivyo hivyo tamoxifen, dawa ya zamani na ya bei nafuu, huwafaa wale ambao seli zao zina vipokezi vya homoni, nao ni wengi, kiasi cha 70 kati ya 100 au zaidi katika nchi zilizopimwa sana. Kwa wenye kosa la BRCA kuna olaparib, iliyokubaliwa Marekani kwa saratani ya matiti mwaka 2018. Ndiyo maana kipande cha nyama kinachokatwa kwa ajili ya kupimwa hakiishii kwenye jibu la ndiyo au hapana.

Pili ni uamuzi wa kukata au kungoja. Si kila saratani ya ndani ya mrija huvuka. Huko Marekani wanawake zaidi ya 900 wenye aina ya hatari ndogo waligawanywa makundi mawili, la upasuaji wa kawaida na la kufuatiliwa kwa karibu kwa vipimo. Matokeo ya mwanzo yalitolewa Desemba 2024: baada ya miaka 2, waliopatikana na saratani vamizi walikuwa 5.9 kati ya 100 katika kundi la upasuaji na 4.2 katika kundi la kufuatiliwa. Miaka 2 ni michache kwa ugonjwa wa polepole kama huu, na ufuatiliaji unaendelea.

Tunaitaja habari hii kwa hofu kidogo. Katika nchi zetu vipimo vya eksirei kwa wanawake wasio na dalili ni vichache, na wagonjwa wengi hufika hospitalini wakiwa na uvimbe wanaouhisi kwa mkono, yaani saratani ambayo imekwisha kupenya. Karatasi ya Ulaya au Marekani inayosema "yaweza kufuatiliwa bila kukatwa", ikifasiriwa bila kusema waziwazi ni saratani ipi, itamkuta mama mwenye uvimbe wa kupapaswa. Atangoja. Hapa kosa la kivumishi kimoja lina uzito kuliko makosa yote ya upatanisho wa kisarufi tunayoyapigia mistari myekundu.

Aidha, saratani isiyo na vipokezi vya homoni wala uradidi wa HER2, ambayo dawa zilizotajwa juu za tamoxifen na trastuzumab haziifai, huonekana kwa uwiano mkubwa zaidi miongoni mwa wanawake wenye asili ya Afrika, na ndiyo aina wanayoipata mara nyingi wenye kosa la BRCA1. Uchunguzi wa jeni za kurithi kwa wagonjwa wa Uganda na Kamerun ulichapishwa mwaka 2020, na ulithibitisha kwamba makosa ya BRCA1 na BRCA2 yapo kwetu pia. Si maradhi ya wazungu kama inavyosemwa vijiweni.

Istilahi tulizozichagua

Baada ya mashauriano idarani tumekubaliana, kwa kozi yetu tu, kuandika "badiliko la jeni la kurithi" kwa lile la kuzaliwa nalo na "badiliko la jeni la maishani" kwa lile linalotokea katika titi. Vinasaba tumeviacha katika habari za urithi. "Saratani vamizi" tumeikubali, kwa sharti kwamba mara ya kwanza ifuatwe na maelezo "iliyovuka utando wa mrija". Baadhi yetu walipendekeza "saratani penyezi"; linasikika kama tusi, tukaliacha.

Kwa in situ hatujaridhika. "Saratani ya mahali pake" ni sahihi kwa Kilatini lakini haimwambii mama chochote. "Saratani tulivu" inamlaza usingizi. "Saratani changa" inampa picha ya mtoto ambaye hana budi kukua, jambo ambalo si kweli kwa zote. Kwa sasa tunaandika kwa urefu, "saratani iliyomo ndani ya mrija", na wapiga chapa wanalalamika juu ya nafasi.

Mwanafunzi wetu aliifasiri upya aya ile na kuomba nakala ya pili, ya kupeleka nyumbani. Tafsiri yake pamoja na nyingine tatu zimebandikwa kwenye ubao wa idara, karibu na ratiba ya mitihani. Chini yake tumeacha karatasi tupu na kalamu kwa ajili ya yeyote, mwalimu au mwanafunzi, mwenye neno bora la in situ.